Kahawa Njema Nyumbani: Maneno kwa Watu wa Bijombo



Leo sikuja kuwafundisha kupanda kahawa. Wengi wenu mwaijua kazi hiyo tangu utoto. Nimekuja kwa neno moja tu: namna ya kupika kahawa yenu wenyewe na kuinywa nyumbani. Huenda mtu akacheka, akasema, "Kahawa ni ya kuuza, kuinywa kwatufaa nini?" Angoje kidogo, nitamjibu.

Zamani za utawala wa Wabelgiji, uliokwisha mwaka 1960, kahawa ilipandwa katika Kivu ili ipelekwe Ulaya. Tangu siku zile watu wengi wameshika desturi ya kuuza yote. Baba hushusha gunia lake mpaka Uvira. Kijana wake huenda kwenye machimbo ya dhahabu, Misisi au Kamituga, na huko hununua kopo la unga wa kahawa uliotoka ng'ambo. Hivyo kahawa ya baba imetoka, kahawa ya ugenini imeingia, na fedha ya dhahabu imekwenda. Tena baba haijui ladha ya kahawa yake. Mnunuzi akimwambia, "Hii ni mbaya, nitakupa bei ndogo," atamjibu nini? Mama apikaye mboga huonja kwanza. Apikaye pombe huonja. Mwenye kahawa peke yake huuza kitu asichokionja.

Basi sikieni namna ya kuifanya.

Kwanza, chumeni matunda mekundu tu. Yatieni ndani ya maji. Yanayoelea yatoeni, hayana kitu ndani. Siku ile ile ondoeni nyama ya tunda, kisha acheni mbegu ndani ya ndoo usiku mmoja, na penye baridi zaidi ya hapo, mpaka utelezi ulegee. Zisugueni mkononi: zikilia kama changarawe, zioshweni kwa maji safi. Anikeni juu ya kichanja, si juu ya udongo, na kila siku mzigeuze. Jioni na wakati wa mvua zifunikeni. Zikiwa ngumu chini ya jino, zimekauka. Zitwangeni polepole kinuni ganda litoke, zipepeteni kwa ungo, mkatoe nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu.

Nanyi mkaao juu sana, ambako baridi huuzuia mti wa kahawa kustawi, nunueni mbegu kavu kwa jirani zenu wa chini.

Pili, kukaanga. Twaeni chungu au kikaango kisicho na mafuta wala harufu ya samaki. Moto uwe wa kiasi. Tieni mbegu chache, mkoroge bila kuacha. Zitageuka manjano, kisha hudhurungi, ndipo zitaanza kulia kama mahindi ya bisi. Kilio hicho kikipungua, na rangi ikiwa ya hudhurungi iliyokolea, ziepueni upesi. Msingoje ziwe nyeusi kama makaa, maana hapo mtakunywa uchungu wa moto, si ladha ya kahawa. Zimwageni juu ya ungo, mzipepee zipoe. Ziacheni mpaka kesho yake, ndipo harufu yake itakuwa njema. Wekeni katika chombo chenye kifuniko. Twangeni zile za siku hiyo tu, kwa maana unga hupoteza harufu upesi kuliko mbegu nzima.

Tatu, kupika. Kwa kila kikombe tieni kijiko kikubwa kimoja kilichojaa, yaani kama gramu 10. Chemsheni maji kwanza, mkaepue, ndipo mtie unga. Korogeni mara moja, funikeni, ngojeni dakika 5. Kisha nyunyizeni maji baridi kidogo juu, unga utashuka chini. Mimineni taratibu, au chujeni kwa kitambaa safi. Msiirudishe motoni kuchemka tena, itakuwa chungu.

Hapa kuna jambo la milima yenu. Mwajua ya kuwa maharage hukawia kuiva huku kuliko kule pwani ya ziwa. Sababu yake ni hii: mtu apandapo juu, maji huchemka kabla ya kupata moto mwingi. Uvira, karibu na ziwa Tanganyika, maji huchemka kwa digrii kama 97. Penye mita 2000 huchemka kwa digrii kama 93. Kwa maharage ni hasara, lakini kwa kahawa ni faida, kwa maana digrii 93 zaifaa sana. Basi ninyi wa juu mimineni maji yenu yanapochemka, msingoje. Wa chini wangoje kidogo kwanza.

Apendaye maziwa, na aongeze maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa. Apendaye tangawizi, na aiponde kidogo. Lakini kikombe cha kwanza kinyweni kitupu, bila sukari, kwa kuwa ndicho kitakachowaambia kweli. Watoto msiwape, na mama mwenye mimba anywe kidogo tu.

Sasa namjibu yule aliyecheka. Kahawa ikinuka ukungu, ilikawia kukauka au ililowa. Ikiwa chachu kama pombe iliyoharibika, ilikaa mno ndani ya ndoo. Ikinuka moshi, iliwekwa karibu na jiko. Ikinuka kama kiazi kibichi kilichomenywa, yafaa kumtafuta mdudu aitwaye Antestia, mwenye umbo la ngao na madoadoa, anyonyaye matunda mtini. Harufu hiyo yajulikana sana Rwanda, Burundi na Kivu, na mbegu moja yatosha kuharibu kikombe kizima. Mdudu huyo hupenda mti wenye matawi mengi na giza. Pogoeni miti yenu ipate mwanga, na asubuhi mpite mkiwaokota na kuwaua.

Mwaona? Kila kosa la shambani huonekana kikombeni. Mnunuzi hulijua kwa kuonja, nawe usipoonja hulijui. Ukionja leo, mwaka ujao utalirekebisha, na siku mnunuzi akikudanganya, utamwekea kikombe mbele yake na kumwambia, "Onja, tuseme kweli."

Basi msimu huu, kabla ya kufunga gunia, wekeni kilo 3 za mbegu kavu kwa ajili ya nyumba yenu. Zikikaangwa hupungua, lakini zitatoa vikombe kama 240. Asubuhi ya ukungu, mkizunguka moto, mgeni amefika na kijana amerudi kutoka machimboni, mpeni kahawa ya shamba la baba yake. Aijue ladha yake, na aweze kusema imetoka mlima gani.

Kesho nileteeni kila mtu mbegu zake kidogo, tukaange na kuonja pamoja.