GHALA LA KISIWA
(Hotuba iliyosomwa na karani wa chama katika mkutano mkuu wa mwaka)



Kamati imeniagiza niseme maneno machache juu ya chakula chetu sisi watu wa visiwa vya Lamu, kabla ya mkutano huu kukata shauri juu ya fedha za akiba. Nitasema kwa ufupi, maana jambo lenyewe si geni kwa yeyote aliyeketi hapa.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa kaunti yetu ina watu 143,920. Wale wakaao visiwani, tangu Amu mpaka Siyu, Faza na Kizingitini, hula unga na mchele ambao kwa sehemu kubwa umevuka maji. Samaki ni wetu, nazi ni zetu, na embe ni zetu. Lakini sima yetu ni ya safari.

Hapo kale haikuwa hivi. Katika karne ya 19 majahazi yalipakia mtama na ufuta hapa, yakaenda navyo Arabuni. Mashamba yalikuwa bara, ng'ambo ya maji, na wenye mashamba wengi walikaa visiwani. Walakini tusiisifu neema ile bila kuitaja gharama yake: jembe lilishikwa na watumwa. Utumwa ulipofutwa kwa sheria mwaka 1907, mashamba mengi yalirudi kuwa msitu. Wako Wabajuni waliovuka na kulima kwa mikono yao wenyewe, mpaka vita vya shifta vilivyoanza mwaka 1963 vikawatoa, na vijiji vingi vya upande wa bara vikaachwa. Katika miaka ya 1970 serikali iligawa mashamba Mpeketoni kwa watu ambao wengi walitoka mbali, nao wakalima mahindi, pamba na korosho. Hata huko, mauaji ya Juni 2014 yaliwakimbiza watu mashambani. Basi twajifunza neno moja: ardhi nzuri peke yake haimlishi mtu. Yahitaji amani, na yahitaji mikono iliyo huru.

Wako wasemao, "Bahari ndiyo shamba letu." Ni kweli, lakini shamba hilo nalo lina majira yake. Wakati wa kaskazi wavuvi hupata. Kusi ikivuma bahari huchafuka, na vyombo vidogo havithubutu kutoka nje. Tena mwanzo wa kusi ndio wakati wa mvua kubwa, ambapo njia za udongo huharibika. Barabara ya Garsen imetiwa lami, nasi twashukuru. Hata hivyo mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 yaliikata, na magari yakakwama. Kadhalika iko bandari mpya, ambayo gati yake ya kwanza ilianza kazi Mei 2021. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya hasara iliyotokana na bandari hiyo. Haki ni haki, na idaiwe. Lakini mvuvi aliyepoteza mahali pa kuvulia amepoteza kitoweo cha kila siku, na fedha huliwa mara moja.

Kwa hiyo kamati yaleta mashauri matatu.

La kwanza ni ghala. Chama kinunue mahindi na kunde baada ya mavuno, bei ikiwa chini, kiwauzie wanachama wakati wa kusi bila faida. Yapasa tuwe na hadhari. Mahindi yasiyokauka hufanya kuvu, na kuvu hiyo huweza kutoa sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2004, huko Ukambani, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafa. Hewa yetu ya pwani ina unyevu. Basi nafaka yetu ianikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, hata unyevu wake usizidi sehemu 13 katika 100. Kisha itiwe katika magunia yenye mfuko wa nailoni ndani, yafungwe kabisa, yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

La pili ni samaki. Wakati wa kaskazi, samaki wakiwa wengi, tupasue na kutia chumvi, tuwaanike juu ya chanja iliyoinuliwa, ili ng'onda iwe kitoweo cha miezi migumu.

La tatu ni maji. Mji wa Lamu hunywa maji ya visima vya Shela, yaliyohifadhiwa na vilima vya mchanga. Lakini ndugu zetu wengi wa kisiwa cha Pate na Ndau hutegemea jabia zikusanyazo mvua. Jabia yenye nyufa itengenezwe kabla ya mvua, si baada yake.

Mzee mmoja wa kamati aliuliza: fedha hizi ziliwekwa kwa ajili ya wagonjwa na maziko, je, ziende kwenye mahindi? Swali lake ni la haki. Jibu letu ni kwamba fungu la maziko na la wagonjwa lisiguswe. Fedha zitolewe katika fungu la sherehe, nazo zitarudi mahindi yakiuzwa. Chama kimsaidiacho mtu kuzikwa, na kisimsaidie kula, ni chama kilichochelewa.

Hesabu ya ghala isomwe mbele ya wanachama kila mwezi, pishi kwa pishi, kwa kuwa ghala lisilo na daftari ni ghala la panya.

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Ya mahindi huoza, isipotunzwa. Basi nawaomba, mtakapoinua mikono kupiga kura, mkubali pia kuitumia mikono hiyo kuanika, kupima na kufagia.