Punda Mgeni Asiingie Bandani Siku Ile Ile

(Mazungumzo na wanakisomo wa kikundi cha jioni)



Leo tunazungumza juu ya punda. Watu husema fadhila za punda ni mateke. Lakini katika vijiji vingi vya Dodoma na Singida punda ndiye abebaye maji, kuni na mahindi. Akiugua, mzigo unahamia kichwani kwa mama na watoto.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kiangazi kimoja mwenzetu alinunua punda mnadani. Punda yule alikuwa na makamasi kidogo tu. Jioni ile ile akaingizwa bandani pamoja na wenzake. Baada ya siku 10 hivi, banda zima lilikuwa likitoka usaha puani, na majipu yamevimba chini ya taya. Sisi walimu tukaenda kumpa pole. Tukawashika punda wale midomo, tukatazama. Kisha tukapitia mabanda mengine mawili kwa mikono ile ile. Hatukunawa! Wiki mbili baadaye ugonjwa ulikuwa umefika huko pia. Hatuwezi kuapa kwamba ni sisi tulioupeleka. Wala hatuwezi kuapa kwamba si sisi. Mwezi ule watoto wa nyumba zile walichelewa shule kwa ajili ya kuchota maji.

Ugonjwa ule huletwa na vijidudu vinavyokaa katika makamasi na usaha. Hupita punda wanapogusana pua. Hupita pia kwa ndoo, kamba, hatamu na mikono yetu. Ndani ya maji ya hori vijidudu hivyo vinaweza kuishi wiki kadhaa. Dalili huonekana siku 3 hadi 14 baada ya kuambukizwa. Basi punda anaweza kuonekana mzima mnadani, kumbe anao.

Yako na mafua ya farasi na punda, yanayoenea kwa kukohoa. Mwaka 2019 yaliua punda wengi Afrika Magharibi, katika nchi kama Nijeri na Senegali.

Sasa tufanye nini?

1. Punda mgeni atengwe wiki 3, mahali ambapo hawezi kugusana na wengine. Mgeni wa kibinadamu siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu, mpe wiki ya tatu.

2. Awe na ndoo yake na kamba yake.

3. Hudumia wazima kwanza, mgonjwa mwisho. Kisha nawa kwa sabuni, safisha na viatu.

4. Ondoa samadi, sugua hori kwa maji na sabuni, ndipo utie dawa ya kuua vijidudu. Dawa haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu. Halafu anika vyombo juani vikauke kabisa.

5. Mgonjwa asipelekwe mnadani wala kwenye birika la wote. Hata akipona, asichanganywe na wengine mpaka bwana mifugo aseme.

6. Mwite bwana mifugo mapema. Joto la punda mzima ni karibu 37. Likipita 38 na nusu, usingoje. Usimchome sindano mwenyewe.

Mama mmoja alituuliza: "Mwalimu, punda wangu ndiye huyo mmoja. Akitengwa, nani atanibebea maji?" Swali la haki kabisa. Tulikubaliana kwamba majirani wamfikishie maji mlangoni kwa punda wao, na punda hao wasiingie uani. Tukafanya na hesabu pamoja. Punda jike hubeba mimba kama mwaka mzima. Mtoto wake hafai kubeba mizigo kabla ya miaka 3 au 4. Wiki 3 za taabu, au miaka 4 na zaidi ya kungoja punda mwingine? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndugu zetu, ninyi sasa mnajua kuandika. Punda mgeni akifika, chukua mkaa, andika tarehe kwenye mlango wa banda lake. Hesabu siku 21. Kalamu yako imlinde punda wako.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini punda anayeonekana mzima atengwe?

2. Katika kijiji chetu, punda wa nyumba mbalimbali hukutana wapi?

3. Nani atamsaidia maji jirani ambaye punda wake ametengwa?