Maji Hupotea Kwenye Banio: Malezi ya Elimu Tangu Chekechea Hadi Chuo

Hotuba iliyotolewa katika kilele cha Jubilei ya miaka 100 ya Usharika



Kamati ya Jubilei imenipa heshima ya kusema juu ya elimu katika usharika huu, tulikotoka na tuendako. Ningeweza kutumia muda wangu kuwahesabu madaktari, wahandisi, walimu na wachungaji waliotoka katika vihamba vyetu. Wengi wao wameketi humu leo, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini jubilei katika Maandiko, kama tunavyoisoma katika Mambo ya Walawi sura ya 25, si sikukuu ya kujisifu. Ni mwaka ambao kilichopotea humrudia mwenyewe. Kwa sababu hiyo naomba nianze na deni langu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa mchungaji kijana katika usharika mwingine, nilikuwa na darasa la kipaimara la watoto zaidi ya 60. Siku ya mtihani mbele ya wazee, msichana mmoja aliwashinda wote. Amri Kumi pamoja na maelezo yake, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo, Meza ya Bwana: hakukosa neno. Nilimsifu mbele ya watu, na Jumapili iliyofuata nikamwekea mikono. Miaka kadhaa baadaye alikuja ofisini na mchumba wake kuandikisha ndoa. Nikampa fomu aisome kabla ya kutia sahihi. Aliishika kwa muda mrefu, akainamisha uso, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Baba Mchungaji, nisomee.”

Alikuwa amemaliza darasa la saba. Katekisimo yote aliijua kwa kumsikiliza dada yake akikariri jikoni. Shule ilikuwa imempitisha, nami nikampitisha. Katika miaka ile yote hapakuwa na mtu aliyemfungulia kitabu na kumwambia, “Mwanangu, soma hapa.”

Ndugu zangu, sisi wa mlimani tunaijua mifereji. Wazee wetu waliichimba kwa majembe na kuyaleta maji kutoka makorongoni hadi migombani. Mtu wa chini akiona maji yamekuwa haba, hachimbi kihamba chake zaidi akitumaini maji yatatoka ardhini. Hushika jembe, huwaita wenzake, nao hupanda hadi kwenye banio, pale mto unapozuiwa kwa mawe na magogo ili maji yaingie mferejini. Banio likivuja, hata mfereji ukiwa safi namna gani, wa chini atabaki na kiu.

Elimu ni mfereji wa namna hiyo. Tunalalamika kwamba wanafunzi wa vyuo hawawezi kuandika ukurasa mmoja wenye hoja. Tunalalamika juu ya kidato cha nne. Mwaka 2012 karibu asilimia 60 ya watahiniwa wa kidato cha nne walipata daraja sifuri, kabla ya matokeo yale kufutwa na kupangwa upya, na nchi nzima ikashtuka. Lakini miaka miwili tu kabla ya hapo, mwaka 2010, utafiti wa Uwezo ulikuwa umeonyesha kwamba chini ya nusu ya watoto wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Tulikuwa tukilia chini ya mfereji, na banio lilikuwa juu.

Kanisa letu lina mfano wa kuangalia. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani kuhusu shule. Aliwauliza, kwa maana ya maneno yake, ikiwa kila mwaka mji hutumia fedha nyingi kwa silaha, barabara na madaraja, kwa nini usitumie angalau kiasi kama hicho kwa kumweka mwalimu wa watoto. Kisha mwaka 1528 akashiriki katika ukaguzi wa sharika za Saxony, akakuta watu waliobatizwa wasioijua hata Sala ya Bwana, na wachungaji wasioweza kufundisha. Mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo, kitabu chepesi cha kutumiwa na baba wa nyumba pamoja na watoto wake. Aliiona aibu ile kwa macho yake mwenyewe, akashuka hadi mahali pa mtoto.

Walioleta Injili hapa walifanya vivyo hivyo. Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, shule na ibada zilianza pamoja. Mwaka 1912 walianza kuandaa walimu Marangu. Na wamisionari Wajerumani walipoondolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliobaki wakishika sharika na madarasa walikuwa walimu wa kwetu, watu wenye chaki mkono mmoja na Biblia mkono wa pili. Usharika huu umezaliwa kwa jasho la walimu wa namna hiyo.

Baadaye Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za mashirika ya dini chini ya Serikali. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati huo. Nia ilikuwa njema: mtoto wa dini yoyote asome bila kubaguliwa. Mlango umeendelea kupanuka. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ya msingi. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Januari 2016 ada ya elimu ya umma ikafutwa hadi kidato cha nne. Mwaka 2015 ulianza mtaala wa darasa la kwanza na la pili unaokazia Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kwa hayo yote tunaishukuru Serikali. Lakini sisi nasi tulipata mazoea mabaya. Shule ilipokuwa ya Serikali, tukasema mtoto naye ni wa Serikali. Tukaacha kumwuliza amejifunza nini leo.

Naomba sasa nitazame ngazi tatu za mfereji huu.

Kwanza, chekechea. Mtoto wa miaka minne au mitano hujifunza kwa mikono, kwa macho, kwa nyimbo na kwa maswali. Hujifunza hesabu kwa visoda na punje za mahindi kabla ya kuijua tarakimu. Hujifunza kusoma kwa kusikia sauti zilizomo ndani ya neno, na kwa kusimuliwa hadithi jioni. Masista wetu wa Ushirika wa Neema, Moshi, wameandaa walimu wa watoto wadogo kwa njia ya Montessori, nao wametuonyesha kwamba kazi hii ina elimu yake. Si ya kumpa yeyote aliyekosa kazi nyingine. Hata hivyo, katika sharika nyingi mwalimu wa chekechea hulipwa kwa kinachobaki. Kama hakikubaki kitu, husubiri.

Pili, shule ya msingi. Tuwe macho na kusoma kwa kuimba. Darasa zima huitikia kwa sauti moja, nasi hupita nje tukafurahi. Siku moja katika ziara ya shule ya Jumapili nilimkuta mtoto akisoma kwa ufasaha, kitabu kikiwa juu chini. Alikuwa ameukariri ukurasa. Dawa yake si fimbo, wala si kumwaibisha. Dawa ni kumketisha peke yake dakika tano, kumwonyesha neno moja katikati ya mstari na kumsubiri. Kiswahili ni lugha nyofu. Huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto aliyefundishwa silabi kwa subira atakisoma. Akivuka darasa la tatu bila kusoma, kila somo linalofuata ni mlango uliofungwa kwake: hesabu, sayansi, hata Neno la Mungu.

Tatu, sekondari na chuo. Huko watoto wetu wengi hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia, nao hunyamaza. Huandika kinachoandikwa ubaoni na kukirudisha siku ya mtihani. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilifika chuo cha theolojia nikiwa hodari wa kukariri. Niliandika insha yangu ya kwanza kwa maneno ya mwalimu mwenyewe, nikatarajia sifa. Aliirudisha na swali moja pembeni: “Na wewe, unasema nini?” Swali lile liliniumiza, kisha likanifungua. Lakini kwa nini nililisikia kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima? Mtoto anayeruhusiwa kuuliza “kwa nini” mezani kwa baba yake atauliza pia darasani, kwa lugha yoyote. Bwana wetu mwenyewe, akiwa na miaka 12, alikutwa hekaluni akiwasikiliza walimu na kuwauliza maswali.

Baba Askofu, naona kitabu cha Jubilei kina mchoro mzuri wa mnara wa kengele tunaokusudia kuujenga. Naupenda mchoro ule. Lakini kwa ruhusa ya Baraza la Wazee, naomba mnara usubiri mwaka mmoja, na kwanza tufanye mambo matatu.

La kwanza: mwalimu wa chekechea aingizwe katika bajeti ya usharika kama mtumishi wa Kanisa, mwenye mshahara wa kila mwezi na nafasi ya kwenda kujiendeleza.

La pili: kila mtoto anayeanza kipaimara aketi na mzee mmoja, peke yao, asome ukurasa mmoja ambao hajauona. Asiyeweza asikataliwe. Apewe mtu wa kumfundisha, na mwaka wa kipaimara usiishe kabla hajaweza.

La tatu: vijana wetu wa vyuo wanaosaidiwa na mfuko wa usharika wanaporudi likizo ya Desemba, kila mmoja apewe watoto watano wa kusoma nao chini ya miti hii. Mwenye kunywa maji ya mfereji hushiriki kuutengeneza.

Yule dada aliyeniomba nimsomee tulianza naye silabi wiki ile ile, pale ofisini, yeye na mchumba wake na mimi. Ndoa ilisogezwa miezi minne. Siku ya arusi alikisoma kiapo chake mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari, na usharika mzima ulingoja kimya hadi alipomaliza.

Miaka mia moja ijayo wengine watasimama hapa kutuhesabu. Wakute tulipanda hadi kwenye banio.

Mungu aubariki usharika huu na watoto wake. Amina.