KUMBUKUMBU ZA MOTABOTI ZA KUVULIA SAMAKI, MALINDI

Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya motaboti za kukodi ambazo wageni huvulia samaki pwani yetu. Mimi sikuwa baharia. Nilipomaliza masomo katika shule ya sekondari ya misheni, niliandikwa kazi ya ukarani katika ofisi moja iliyokodisha motaboti hizo Malindi, tangu mwaka 2009 hata 2013. Kazi yangu ilikuwa kutunza daftari.

Msimu ulikuwa wa kaskazi, yapata Novemba mpaka Machi. Kusi ikivuma, vyombo vingi vilipandishwa pwani vikakwanguliwa na kupakwa rangi. Kabla ya alfajiri mabaharia walikuwa wamekwisha kushona chuchunge kwenye ndoana, kwa mkono mwepesi kama wa fundi cherehani. Mgeni alipofika, alikuta kila kitu tayari. Chombo kilitoka nje ya mwamba, kikarambaza polepole mahali ambapo maji ya mto Sabaki, yenye rangi ya udongo, hukutana na maji ya buluu. Mgeni aliketi kitini akitazama mshipi. Baharia alitazama ndege. Wakijitupa majini, alijua samaki wadogo wamepanda, na wakubwa wako chini yao.

Jioni tuliwangoja ufukweni tukihesabu bendera zilizopepea juu ya chombo, maana kila bendera ilitangaza samaki aliyepatikana. Hapo nilifungua daftari. Palikuwa na safu ya tarehe, ya jina la chombo, ya jina la mgeni, ya aina ya samaki, na ya uzito. Jodari na nguru walipimwa. Sulisuli na nduaro kwa kawaida waliachwa hai, kwani tangu miaka ya 1980 imeenea katika pwani ya Kenya desturi ya kumtia samaki huyo alama yenye namba na kumrudisha baharini, ili akivuliwa tena ijulikane amesafiri umbali gani. Namba ile niliiandika kwa uangalifu mkubwa. Safu ya mabaharia haikuwapo, nami sikuwahi kuuliza kwa nini.

Mjomba wangu alikuwa baharia wa motaboti mojawapo. Siku moja ya Januari 2012 mgeni alinasa nduaro mkubwa. Kazi ya kuushika waya samaki anapofikishwa ubavuni mwa chombo ni ya baharia, nayo ndiyo yenye hatari kupita zote. Samaki aliruka, waya ukajikaza juu ya glavu, ukamkata mjomba vidole viwili. Hata hivyo hakuuachia mpaka alama ikatiwa. Aliposhuka pwani mkono wake ulikuwa umefungwa kwa shati. Watu walimpongeza mgeni, wakampiga picha. Nami niliandika: nduaro mmoja, ameachwa, na namba ya alama yake.

Ofisi ililipia dawa za siku ya kwanza tu. Baada ya miezi mitatu, ilipoonekana wazi kuwa vidole havitakunjika tena, mjomba alikwenda kudai fidia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya majeraha ya kazini ilikuwapo. Akaambiwa kwamba hapana mahali palipoandikwa kuwa siku ile alikuwa chomboni. Nahodha alikuwa amehamia kwingine, mgeni amerudi kwao. Niliagizwa kulileta daftari, nikalifungua mwenyewe mbele yake. Mjomba aliutazama mwandiko wangu kitambo, kisha akasema kwa upole, “Mpwa wangu, kumbe hata samaki ana namba.”

Ndugu zangu, hakunilaumu zaidi ya hapo, wala hakupata kitu.

Mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, alivua samaki pwani hii mwaka 1934, na mwaka 1954 alirudi kwa safari ya uvuvi, huko Shimoni. Habari hizo zimo vitabuni. Lakini waliomshikia mishipi ni nani? Watoto wao huenda wangali miongoni mwetu, nao hawana la kuonyesha.

Kwa hiyo naomba jambo moja dogo. Kamati imenunua daftari jipya, nalo liko juu ya meza ile. Kila mwanachama afanyaye kazi baharini, hata kama ni kibarua cha siku moja, na aje, au amtume mtoto, aandikishe jina lake, chombo, tarehe, na jeraha likitokea, siku ile ile. Kuandika nitaandika mimi mwenyewe, bila malipo. Jina la kwanza nimekwisha kulitia. Ni la mjomba wangu, pamoja na tarehe ile ya Januari 2012, iliyochelewa kuandikwa.