Kabla ya kujenga soko, andikeni majina

Maneno yaliyosomwa mbele ya wachuuzi, Uvira



Mimi ni mtoto wa soko. Mama yangu aliuza ndagala na unga wa muhogo, ndipo nikasoma mpaka chuo kikuu. Leo diploma iko ndani ya sanduku, kazi hakuna, na mimi niko pale mezani namsaidia.

Mara nyingi tunasikia: "Uvira inahitaji soko la kisasa." Vizuri. Nani hataki paa lisilovuja? Lakini kabla ya kupiga makofi, tuangalie wenzetu.

Bujumbura iko hapa tu: unavuka Kavimvira, unapita Gatumba, umefika. Soko lake kuu lilikuwa moyo wa biashara ya Burundi, na sisi watu wa Uvira tulilijua vizuri. Siku ya Mungu, tarehe 27 Januari 2013, likashika moto asubuhi. Vyombo vya kuzima moto havikutosha, mpaka Rwanda ikatuma helikopta kusaidia. Wachuuzi wengi walikuwa na deni la banki, na asiransi hawana. Wakatawanyika, wengine Ngagara, wengine Ruvumera. Miaka ikapita, mabaki ya soko yakabaki pale katikati ya mji.

Sasa twende Dar es Salaam. Soko la Kariakoo lilichorwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Likaungua tarehe 10 Julai 2021. Kule serikali ilitoa karibu shilingi bilioni 28: kutengeneza lile la zamani na kujenga jipya kando yake. Basi, matatizo yakaisha? Hapana. Mwaka 2024, wakati wa kurudi ulipokaribia, ugomvi ukawa juu ya orodha: nani anarudi, nani ameachwa.

Mmeona, wandugu? Kujengwa au kutojengwa, swali la mchuuzi ni lile lile: nafasi yangu iko wapi?

Mama yangu analipa taksi ya soko kila siku. Anapewa kikaratasi. Kina bei, jina lake hakina. Amelipa hivyo zaidi ya miaka kumi. Soko likiungua usiku wa leo, kesho ataonyesha nini? Na likibomolewa ili lijengwe la kisasa, mwenye pesa akija na funguo mkononi, mama atasema nini? "Nilikuwa hapa"? Nani ataandika hiyo?

Kwa hiyo tunaomba wakubwa wa mji na kamati za masoko:

Moja, kila soko liwe na daftari la majina na namba za meza, libandikwe mahali watu wote wanaliona.

Mbili, kila anayelipa apewe karatasi yenye jina lake.

Tatu, njia kati ya meza ziachwe wazi, ili moto ukitokea watu watoke na maji yaingie.

Hatuombi bure. Sisi wenye diploma bila kazi tuko wengi, na kuandika tunajua. Jumamosi asubuhi tutapita meza kwa meza na madaftari yetu. Hatutadai hata franka moja. Kopi moja itabaki kwenu, moja kwa kamati, moja tutapeleka kwa meya.

Mama, tukifika kwako, sema jina lako lote, na kwa sauti.