Mahari, Ardhi na Mjane Kijana: Historia ya Kutunzana Kisii na Nyamira Wakati wa Ukimwi

Wasikilizaji wa kipindi cha historia, mada ya leo ni jinsi jamii ya Abagusii, wenyeji wa kaunti za Kisii na Nyamira, ilivyozitunza familia zilizofikiwa na virusi vya ukimwi, pamoja na sababu iliyowafanya wanawake vijana wawe wa mwisho kufikiwa na utunzaji huo. Aghalabu historia hii husimuliwa kuanzia pale miradi ya wafadhili ilipoingia, ilhali misingi yake ni ya kale zaidi, na ufa uliokuja kuwaumiza mabinti ulikuwa umekwisha kuonekana miaka mingi kabla ya mgonjwa wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa nchini Kenya mwaka 1984.

Katika utaratibu wa kale wa Abagusii, mume mwenye wake kadhaa aliigawa mali yake kwa nyumba za wake hao, na kila nyumba, iitwayo enyomba kwa Ekegusii, yaani mama pamoja na watoto aliowazaa, ilikuwa na mashamba yake na ng'ombe wake, hata baba alipofariki watoto wakabaki na pa kulima na mama yao akabaki na pa kuishi. Mjane hakurudishwa kwa wazazi wake; aliendelea kuhesabiwa kuwa mke wa marehemu, na ndugu wa marehemu aliyekabidhiwa kumwangalia alizaa naye watoto walioitwa kwa jina la marehemu. Nje ya enyomba kulikuwa na risaga, yaani ushirika wa majirani walioitana kulima, kuvuna na kujenga, na tena kulikuwa na egesangio, kikundi kidogo cha watu, hasa kina mama, waliolimiana mashamba kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Mgonjwa au mfiwa alisaidiwa kwa kuwa alikuwa mwenzao katika duara la wajibu ambalo kila mmoja alijua siku moja lingemzunguka yeye pia.

Hata hivyo, kilichomwingiza mwanamke katika duara hilo kilikuwa mahari. Ng'ombe waliopelekwa kwa wazazi wake ndio waliomfanya awe wa mji ule katika uhai wa mumewe na baada ya kifo chake, na ndio waliowapa watoto wake haki ya shamba. Mwanaanthropolojia Thomas Håkansson, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu mahari, wanawake na ardhi miongoni mwa Abagusii, alieleza jinsi desturi hiyo ilivyolegea katika miongo iliyofuata uhuru: vijana wengi zaidi walianza kuishi pamoja bila mahari kutolewa, huku ardhi ikizidi kupungua na fedha za mshahara zikichukua nafasi ya mifugo, na kwa hiyo likazuka kundi la wanawake ambao hawakuwa na shamba kwa wazazi wao, kwa kuwa binti alitazamiwa kuolewa, wala hawakuwa na haki iliyo imara kwa waume zao, kwa kuwa ng'ombe hawakuwa wametolewa. Huo ndio ufa ambao ukimwi uliukuta.

Ugonjwa ulipoenea katika miaka ya 1990, wanaume wengi wa Gusii walikuwa na kazi mbali na nyumbani, wakiwemo vibarua wa mashamba ya chai ya Kericho na wafanyakazi wa Nairobi, na baadhi yao walirudi wakiwa wamedhoofika, wakauguzwa na wake zao na kuzikwa katika vishamba vidogo ambavyo tayari vilikuwa na wagombeaji wengi. Udogo wa vishamba hivyo unastahili kutiliwa maanani, kwa sababu sensa ya mwaka 2019 iliihesabu Kisii kuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576, na katika Kisii wastani ni zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Mahali penye msongamano wa namna hiyo, kumwondoa mjane mmoja kunampatia shemeji kipande cha ardhi. Isitoshe, ilikuwepo tangu kale imani ya amasangia, yaani madhara yanayosadikiwa kumpata mume mgonjwa kutokana na uzinzi wa mkewe, na pale imani hiyo ilipokuwa na nguvu, mjane kijana alikuwa mwepesi kulaumiwa kwa kifo kilichotokana na virusi ambavyo huenda yeye mwenyewe aliletewa na mumewe. Mjane aliyetolewa mahari aliweza angalau kuwaita wazee washuhudie ng'ombe wake, lakini asiyetolewa alikuwa na neno lake tu.

Serikali ilichelewa. Waraka wa sera kuhusu ukimwi ulipitishwa mwaka 1997, Rais Daniel arap Moi akautangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999, na dawa za kupunguza makali ya virusi, maarufu kama ARV, zikaanza kutolewa bila malipo katika hospitali za umma mwaka 2006, mwaka huohuo ambao Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga waathiriwa dhidi ya ubaguzi. Kati ya mgonjwa wa kwanza na tiba ya bure katika hospitali za umma palipita zaidi ya miaka 20, na mzigo wa miaka hiyo ulibebwa na nyanya waliolea wajukuu, na makanisa, na vikundi vya kina mama ambavyo kwa mwenendo wake ni egesangio ileile iliyobadili jembe kwa daftari la akiba.

Vikundi hivyo, ambavyo huitwa chama na husajiliwa katika ofisi za maendeleo ya jamii, hukusanya akiba kila juma au kila mwezi na kuwakopesha wanachama nauli ya kwenda kliniki, karo, au mtaji wa kuuza ndizi na mboga za chinsaga na rinagu, mboga za kienyeji ambazo hukua hata kwenye kipande kidogo nyuma ya nyumba. Msaada huo wa chakula si jambo dogo katika tiba, kwa maana mgonjwa anayemeza dawa kali tumbo likiwa tupu huielekea siku ya kuziacha. Miradi ya wafadhili iliyofika baadaye, ukiwemo APHIAplus uliosimamiwa na shirika la PATH magharibi mwa Kenya, ilifanya kazi kupitia vikundi vya namna hii na wahudumu wa afya wa kujitolea wa vijijini, na hapo ndipo ilipopata mafanikio yenye mizizi.

Kwa upande wa serikali, hatua iliyowagusa zaidi mabinti haikuwa na jina la ukimwi hata kidogo. Mwaka 2004 ulianza mpango wa kuzipa fedha taslimu familia zinazolea mayatima na watoto walio katika mazingira magumu, kwanza kwa majaribio katika maeneo matatu na shilingi 500 kwa mwezi, kisha ukapanuliwa nchini na kiwango kikafikia shilingi 2,000. Utafiti wa Sudhanshu Handa na wenzake uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba vijana wa familia zilizopokea fedha hizo walichelewa kuanza ngono kuliko wenzao wa familia zisizopokea. Matokeo hayo yana uzito mkubwa, kwa sababu yanaashiria kwamba kinachomsukuma binti kwenye hatari mara nyingi ni njaa na karo, na kwamba mahubiri matupu hayawezi kuchukua nafasi ya unga.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta virusi kwa asilimia 6.6 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 64, na asilimia 3.1 ya wanaume. Katika uchunguzi huo Homa Bay, jirani wa Kisii, ilikuwa na asilimia 19.6, na kwa kuwa tangu awali Kisii na Nyamira zilikuwa chini sana ya kaunti za kandokando ya Ziwa Viktoria, macho ya wafadhili yalielekea ziwani kwanza. Mpango wa Marekani wa kuwakinga wasichana, uliotangazwa Siku ya Ukimwi Duniani mwaka 2014, ulianzia Nairobi na kaunti za kandokando ya ziwa. Hesabu hiyo ilikuwa na mantiki yake, lakini ilimficha binti wa milimani ambaye hatari yake haikutokana na wingi wa wagonjwa wanaomzunguka, bali na kukosa shamba.

Mwezi Januari mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kazi nyingi za ukimwi nchini Kenya zikayumba. Mabunge ya kaunti za Kisii na Nyamira yanapaswa sasa kuwatengea bajeti wahudumu wa afya wa vijijini, na vikundi vya kina mama vipewe mtaji bila kungoja mfadhili mwingine. Nanyi wazazi na wazee mnaosikiliza, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema kwamba mahari kidogo ya ishara tu yatosha kuthibitisha ndoa ya kimila, na inawataka wanandoa wamjulishe msajili ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe kukamilika. Toeni ishara hiyo wakati kijana wenu yu hai, mpelekeni pamoja na mkewe kwa msajili, na cheti chao kihifadhiwe.