Mifupa na Viungo Vyetu: Tuanze na Ndoo ya Maji
(Mada kwa wahudumu wa afya ya jamii, Arumeru)



Mada za mifupa huanza na maziwa na mazoezi. Nitayafikia hayo, lakini anayezungumzia mifupa hapa Arumeru akaruka maji, amezungumzia mifupa ya watu wengine.

Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina floraidi nyingi, na maji yanayopita humo huibeba hadi kwenye chemchemi, mito na visima vyetu. Ndiyo maana kule Maji ya Chai na Ngarenanyuki meno ya kahawia hayamshangazi mtu. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi kiwango cha Tanzania kiliruhusu hadi 4, na vipo vyanzo vinavyopita hata hapo.

Meno huharibika yakiwa bado yanaundwa ndani ya ufizi, takriban hadi mtoto afike miaka 8. Aliyehamia huku ukubwani hubaki na meno meupe, na huyo ndiye anayenitia wasiwasi, maana hujiona amesalimika. Mifupa haina umri wa kuacha kupokea floraidi. Huihifadhi mwaka hadi mwaka, mpaka mgongo ukakamae na viungo viume. Kwa mtoto anayekua, miguu huweza kupinda matege. Na asiyepata kalsiamu ya kutosha huumia kuliko mwenzake anayechota kisima kilekile.

Tumewafundisha watu kuchemsha maji, na tuendelee, kwa sababu ya kipindupindu na homa ya matumbo. Ila moto hauondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, iliyobaki huzidi ukali. Kinachosaidia ni maji ya mvua yaliyokingwa vizuri kwenye bati safi, angalau ya kunywa na kupikia, au kichujio cha mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi iliyofanyiwa utafiti miaka mingi pale Ngurdoto. Mkaa huo huchoka. Usipobadilishwa kwa wakati, mwenye nyumba anakunywa floraidi huku akijiamini. Mtoto mchanga apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6: floraidi haipiti kwa wingi kwenye maziwa hayo, tofauti na uji uliopikwa kwa maji ya bomba baya.

Halafu magadi. Najua hapa nagusa jiko la mtu. Makande bila magadi, watasema, hayaivi wala hayana ladha. Lakini magadi ya kwetu nayo hubeba floraidi, na familia inayoyatumia kila siku inaongeza juu ya ile ya maji. Maharage na mahindi yakilowekwa usiku kucha huiva mapema, na kuni zinapungua. Anzeni na hoja ya kuni. Ya floraidi itafuata.

Chakula cha kujenga mifupa tunacho. Kikombe cha maziwa kina karibu miligramu 300 za kalsiamu, na mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku. Loshoro yenye maziwa mgando ni chakula kizuri, sijui kwa nini vijana wanaionea aibu. Dagaa waliwe wazima, na mifupa yao. Sukuma wiki hutoa kalsiamu yake kwa urahisi kuliko mchicha, ambao huishikilia. Jua nalo husaidia mifupa, na tunalo: watoto watolewe nje hata miezi ya baridi, bila kufungwa blanketi mpaka puani.

Kuhusu viungo, nipingane na ushauri mmoja wa mtaani: kwamba goti likiuma mtu akae tu. Gegedu inayofunika ncha za mifupa kiungoni haina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, na ute huo husukumwa na mwendo. Goti lililochakaa linataka kutembezwa tambarare, kidogo kidogo, kila siku. Kwa mnene, kila kilo anayopunguza humwondolea goti mzigo wa karibu kilo 4 katika kila hatua. Kwa mkulima, mpini wa jembe urefushwe, na ndoo mbili ndogo zibebwe badala ya moja kubwa.

La mwisho ni vidonge. Wazee wetu wananunua diklofenaki dukani kama pipi, na wengine hupewa vidonge vya steroidi bila kuambiwa ni nini. Diklofenaki ya muda mrefu huumiza tumbo na figo. Steroidi hutuliza maumivu haraka sana, na ikizoeleka huila mifupa yenyewe. Mkikuta mzee anazitumia kwa muda mrefu, msimwambie aache ghafla, kwa kuwa steroidi ikikatwa mara moja ni hatari, mpelekeni kituoni. Na kiungo kilichovimba, chenye joto, pamoja na homa, hakichuliwi. Kinapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Kwa vikundi vya mchana naomba maswali mawili: katika kitongoji chako, nani anajua kipimo cha floraidi cha chanzo mnachochota? Na utaanzaje kumshawishi bibi mwenye jiko lake aloweke maharage badala ya kutia magadi?